Maji tumechemsha, kopo la kuchotea je?

Ndugu Mhariri,

Kila masika yanapokaribia, gari la matangazo hupita mtaani na magazeti huandika maneno yaleyale: chemsheni maji ya kunywa, naweni mikono kwa sabuni, tumieni vyoo. Ni maneno ya kweli na sina ugomvi nayo. Tatizo ni kwamba yanaishia pale kazi inapoanzia. Mama wa Mbagala au Manzese haambiwi maji yachemke kwa muda gani, yakishachemka yakae katika chombo gani, dawa ya maji aweke kiasi gani, wala matapishi ya mtoto ayaondoe kwa kitu gani. Ndiyo maana zipo nyumba zinazochemsha maji kila siku na bado watu wake wanahara. Naomba nafasi niweke vipimo pale ambapo matangazo yameacha pengo.

Nianze na hayo maji. Yakishachemka kwa mapovu makubwa yanayopinduka, dakika moja inatosha kuua vijidudu vya kipindupindu, vya homa ya matumbo, vya kuhara damu na hata virusi. Hiyo ni kwa Dar es Salaam, Tanga, Dodoma na sehemu kubwa ya nchi. Juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kama kule Kitulo, acha yachemke dakika tatu, kwa kuwa huko maji huchemka kwa joto pungufu. Dakika ishirini zinazotajwa vijiweni ni kuunguza mkaa bure. Tena zina hasara nyingine: mtu aliyeaminishwa kwamba pasipo dakika ishirini hakuna usalama, mkaa ukipanda bei ataacha kuchemsha kabisa.

Sasa, moto huua vilivyomo wakati ule tu. Hauweki ulinzi wowote dhidi ya vitakavyoingia baadaye. Angalia njia ya kawaida ya maji yaliyochemshwa: yakipoa humiminwa kwenye ndoo ambayo jana ilibeba maji ya kisima, kopo linaelea juu, mtoto anatoka chooni mbio, anachota, vidole vinne vimezama. Kuanzia hapo ndoo nzima imerudi kuwa ya kisimani, ila hii imekula mkaa. Kwa hiyo kama unachemsha, maji yapoe kwenye sufuria ileile iliyochemshiwa, na kifuniko chake juu, kisha yaingie kwenye chombo ambacho mkono hauwezi kuingia.

Chombo hicho ni kimoja kati ya viwili. Cha kwanza ni dumu la mdomo mwembamba, ambalo unalimimina badala ya kuchota. Cha pili, ambacho kwa nyumba yenye watoto ndicho bora, ni ndoo ya lita 20 yenye kifuniko na koki. Koki ya plastiki inapatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi na fundi yeyote wa bomba anaifunga. Mwambie atoboe kama sentimita tano kutoka chini ili mashapo yabaki kitakoni, na aweke raba ndani na nje ya ndoo; akiweka upande mmoja tu itavuja, na ndoo inayovuja haikai wiki kabla haijarudishwa kazi ya kufulia. Ioshe kila wiki kwa sabuni, ukisugua mpaka utelezi wa ndani uishe. Utelezi ule si uchafu wa kawaida, ni makazi ya vijidudu, na maji safi yakipita juu yake hayabaki safi. Dumu lisiloingia mkono linasuguliwa kwa kutia sabuni, maji kidogo na kokoto ndogo zilizooshwa, kisha kulitikisa kwa nguvu.

Kwa familia kubwa, dawa ya klorini inaushinda moto, kwa sababu sehemu yake hubaki majini ikiendelea kulinda hata baada ya siku. Vidonge vinavyouzwa madukani vingi ni kimoja kwa lita 20, lakini vipo vidogo na vikubwa, kwa hiyo soma kasha kabla ya kutumbukiza. Usipopata vidonge, jiki ya kawaida isiyo na manukato wala rangi inafanya kazi ileile. Jiki ya asilimia 3.5, mililita moja inatosha ndoo ya lita 20 ya maji meupe. Mililita moja haipimwi kwa jicho. Nunua bomba la sindano duka la dawa, lisilo na sindano yake, na ulitunze kwa kazi hiyo tu. Koroga, funika, subiri dakika 30. Ukifungua unapaswa kusikia harufu ya klorini kwa mbali. Usiposikia chochote, uchafu umeila dawa yote, ongeza kipimo kilekile na usubiri tena. Ikinukia kama bwawa la kuogelea, umezidisha. Ondoa kifuniko kwa muda, funika kwa kitambaa safi, harufu itapungua.

Maji ya tope yana kanuni yake. Tope hula klorini kabla haijawafikia wadudu, kwa hiyo acha yatulie, mimina taratibu ukiacha mashapo, chuja kwa kanga safi iliyokunjwa mara nne, ndipo uweke dawa kipimo maradufu. Na jiki isikae dirishani. Jua na joto huivunja, na chupa iliyokaa miezi kwenye rafu ya duka inayopigwa na jua inaweza kuwa imebaki na harufu tu. Niseme pia upungufu wa klorini, maana wauzaji hawasemi: wapo wadudu wenye ganda gumu, jamii ya vimelea vya kuhara, ambao klorini ya kipimo cha nyumbani haiwawezi. Kwa mtoto mchanga, na kwa mtu ambaye kinga ya mwili wake imeshuka, maji ya kuchemsha ndiyo ya kumpa.

Wapo wanaosema wao wanatumia maji ya bomba na hayo yamekwisha wekwa dawa. Ni kweli yanatoka mtamboni yakiwa na dawa. Lakini fuata ile mipira myembamba inayopita kwenye mitaro ya maji machafu kuelekea nyumba kumi. Maji yakiwa na nguvu, yanasukuma kutoka ndani kwenda nje, na kila penye ufa yanavuja. Mgao ukianza, nguvu inaisha, bomba linabaki na ombwe, na pale palipokuwa panavuja maji ya mtaro yananyonywa kuingia ndani. Maji yanaporudi usiku wa manane na kila mtu kukimbilia ndoo, yale ya kwanza ndiyo yaliyobeba mtaro. Hayo yaende kwenye deki na choo. Ya kunywa yakinge baada ya rangi na harufu kutulia, na bado yawekwe dawa. Maji ya boza na ya kisima cha jirani nayo yawekwe dawa bila mjadala, hata yang'ae vipi. Kijidudu cha kipindupindu hakibadilishi rangi ya maji.

Nije kwenye mikono, ambako tunadanganyana sana. Beseni moja la maji linalopita kutoka mgeni wa kwanza hadi wa ishirini si kunawa, ni kugawana. Wa kwanza ananawa, wa ishirini anachovya mkono katika uchafu wa wenzake kumi na tisa kisha anaupeleka kwenye sinia la pilau ambalo wote wanakula. Wazee wa pwani walikuwa na njia bora: kijana anapita na birika na beseni, anamimina, maji machafu yanaanguka beseni na hakuna anayeyagusa. Sijui nani alituambia kwamba kutumbukiza mikono ndiyo maendeleo.

Sabuni ya kawaida haiui sana vijidudu. Kazi yake kubwa ni kuvibandua kwenye ngozi pamoja na mafuta, kisha maji yanayotiririka yanaviondoa. Ndiyo sababu sabuni bila maji yanayotiririka ni nusu ya kazi, na ndiyo sababu sabuni ghali ya "kuua asilimia 99" haikuzidi mche wa kufulia. Sugua sekunde 20, katikati ya vidole, chini ya kucha, na kidole gumba ambacho watu hukisahau. Kaushia hewani. Kujifuta kwenye taulo moja la familia au kwenye kanga uliyoshindia jikoni kunarudisha kile ulichotoa. Yale maji ya spiriti tuliyoyazoea wakati wa korona yanasaidia ukiwa safarini, lakini hayavimudu vizuri virusi vya norovirusi, ambavyo ni miongoni mwa visababishi vikuu duniani vya kutapika na kuhara kwa mkupuo. Kwa hivyo hakuna mbadala wa sabuni na maji.

Nyumba isiyo na bomba itengeneze kibuyu chirizi. Dumu la lita tano linapitishwa fito kwenye mshikio na kutundikwa. Pasha msumari, toboa tundu dogo upande wa mbele, sentimita chache chini ya kizibo, ili dumu likisimama wima lisivuje na likiinama lichirizike. Kamba inafungwa kwenye shingo ya dumu na upande wa pili kwenye kijiti cha kukanyaga kwa mguu, hivyo mkono mchafu haugusi chochote. Mwaga kokoto chini pasiwe na matope. Yanayokwenda vibaya ni matatu. Tundu likiwa chini sana, dumu linavuja usiku kucha na asubuhi ni tupu. Likiwa kubwa, lita tano zinaisha kwa watu wachache. La tatu ndilo la kila mahali: sabuni inaibiwa au inayeyushwa na mvua. Dawa yake ni maji ya sabuni. Weka gramu 30 za sabuni ya unga kwenye chupa ya lita moja na nusu ya maji, tikisa, toboa kizibo, itundike kando ya dumu. Hakuna anayeiba maji ya sabuni, na ni nafuu kuliko mche. Kibuyu kiwe hatua mbili tatu kutoka mlango wa choo. Kikiwa upande wa pili wa uwanja, mtu atapita njiani na kushika kitasa, simu na mtoto kabla hajakifikia.

Nyakati za kunawa zisizo na hiari ni baada ya choo, baada ya kumsafisha mtoto, kabla ya kushika chakula, na kabla ya kula au kulisha. Hiyo ya kumsafisha mtoto inadharauliwa kwa imani kwamba kinyesi cha mtoto hakina madhara. Kinayo, na mara nyingi kuzidi cha mtu mzima, kwa kuwa watoto ndio wanaougua zaidi. Kiende chooni, kisitupwe jalalani ndani ya pampasi iliyokunjwa wala kufunikwa mchanga uani ambako kuku watakifukua.

Chakula. Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu kila mwaka unasikia watu wamekula msibani au harusini wakaugua pamoja, na kabla ya jioni jirani fulani ameshasingiziwa kuweka sumu. Saa zenyewe zinaweza kusema kilichotokea. Watu wakianza kutapika ndani ya saa moja hadi sita baada ya kula, bila homa, tazama wali uliolala au kidonda kwenye kidole cha mpishi. Wakianza kuhara na kukatwa na tumbo baada ya saa sita mpaka ishirini na nne, tazama mchuzi wa nyama uliopikwa usiku. Wakianza siku moja au mbili baadaye, kwa homa au kutapika kunakoenda mtu hadi mtu nyumbani, ni maambukizi ya wadudu au virusi wenyewe, wala si chakula kilichochacha.

Wali una siri yake. Mchele huja na mbegu za kijidudu kinachoishi ardhini, na mbegu hizo haziuliwi na kuchemka. Ubwabwa ukiwa wa moto zaidi ya nyuzijoto 60 zinalala. Ukipoa taratibu ndani ya sufuria kubwa, katikati hubaki vuguvugu usiku kucha, nazo zinaamka, zinazaana na kutoa sumu. Sumu ile haivunjwi na moto. Ndiyo maana kukipasha kiporo hadi kifuke moshi hakukuokoi kama kililala nje; umewaua wadudu na kuiacha sumu yao. Namna sahihi ni kuzuia kupoa polepole. Pika karibu na saa ya kula. Kinachobaki, kitandaze kwenye masinia kwa kina kisichozidi sentimita tano, mahali penye upepo, kimefunikwa kwa wavu au kitambaa chepesi, na ndani ya saa mbili kiwe kwenye jokofu lenye nyuzijoto 5 au chini yake. Pasipo jokofu hakuna kiporo cha wali wala cha nyama. Kigaweni siku hiyohiyo. Hotpoti inasaidia kutunza joto kwa saa chache, lakini haipashi. Wali ulioingia hotpoti ukiwa vuguvugu umewekewa kitanda.

Mpishi mwenye jipu au kidonda mkononi afunge kidonda, avae glavu, au apewe kazi ya kuni. Nyama mbichi na kuku wawe na ubao wao na kisu chao. Mwenye ubao mmoja akate kwanza vitu vya kachumbari, vifunikwe, ndipo akate kuku. Ukigeuza mpangilio huo, damu ya kuku inaliwa mbichi ndani ya nyanya. Kachumbari yenyewe ndicho chakula cha hatari zaidi mezani, kwa kuwa haipiti motoni. Osha nyanya, matango na majani kwa maji yanayomiminwa, si kwenye karai lililooshewa mchicha uliomwagiliwa maji ya bonde. Ndimu na siki zinapunguza wadudu, ila haziwamalizi. Barafu vilevile: kuganda hakuui vijidudu, kunavihifadhi. Juisi ya ukwaju iliyochemshwa vizuri na kutiwa barafu ya maji ghafi ni maji ghafi yenye rangi.

Mtu akianza kutapika nyumbani, sogeza watoto mbali, kwa maana matone madogo huruka mita kadhaa na kutua kwenye vyombo. Funika matapishi kwa karatasi au tambara kuukuu. Mimina juu yake jiki sehemu moja kwa maji sehemu sita, subiri dakika 10, zoa, tupa chooni. Osha sakafu kwa sabuni. Kisha pitisha mara ya pili jiki nyepesi, vijiko viwili vya chakula (mililita 30) kwa lita moja ya maji, iache dakika 10 ndipo ufute. Watu huishia kwenye jiki ya kwanza tu, na hapo ndipo wanapokosea. Ile ya kwanza inaliwa na uchafu wenyewe. Ya pili ndiyo inayosafisha. Pitisha hiyo nyepesi pia kwenye kitasa, kiti cha choo, bomba na ukingo wa ndoo. Shuka chemsha dakika tano au loweka kwenye jiki hiyo, kisha anika juani. Dirisha liwe wazi, na usichanganye jiki na dawa za tindikali za kusafishia choo, wala siki. Mvuke unaotoka hapo unaunguza mapafu. Anayemhudumia mgonjwa asipike chakula cha familia kama yupo mwingine wa kupika.

Mgonjwa apewe maji kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu kinachoua katika kuhara ni kukauka. Pakiti nyingi za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganywa na maji, hapa kwetu ni za lita moja, nyingine ni za nusu lita, soma. Kosa la kila siku ni kuitia pakiti ya lita moja kwenye chupa ya lita moja na nusu kwa sababu ndiyo iliyopo, au kwenye kikombe kwa kudhani ikiwa kali itaponya upesi. Ya kwanza ni dhaifu, ya pili ni hatari. Mtoto chini ya miaka miwili anywe mililita 50 hadi 100 kila anapohara, wa miaka miwili hadi kumi mililita 100 hadi 200, mkubwa kadiri anavyoweza. Akitapika, ngoja dakika 10, anza tena kijiko kimoja kimoja. Iliyobaki baada ya saa 24 imwage. Pakiti zikikosekana: lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa kwa mgongo wa kisu. Onja. Ikiwa na chumvi kuzidi machozi, mwaga uanze upya. Dafu ni kinywaji kizuri, ila sodiamu yake ni kidogo na haichukui nafasi ya ORS. Soda sukari yake ni nyingi mno, inavuta maji kuingia tumboni na kuhara kunazidi.

Mtoto aendelee kunyonya na kula. Apate pia zinki, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, aliye chini ya miezi sita miligramu 10. Nyumba nyingi huacha siku ya tatu kuhara kunapokoma, wakati siku zilizobaki ndizo zinazosaidia utumbo kupona. Viuavijasumu vinavyonunuliwa kwa kidonge kimoja kimoja havihitajiki kwa kuhara kwingi, na dawa za kufunga tumbo hazifai kabisa kwa watoto. Kituo cha afya mara moja: damu kwenye kinyesi, macho yaliyodidimia, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole, kushindwa kunywa, usingizi usio wa kawaida, au kuhara maji meupe kama ya kuoshea mchele kusikokatika. Hilo la mwisho lisingoje asubuhi. Njiani aendelee kupewa ORS. Na chanjo ya rotavirusi, virusi vinavyoharisha watoto, ambayo nchi yetu imekuwa ikiitoa tangu 2013, huanza mtoto akiwa na wiki sita. Mpelekeni kwa wakati.

Sasa wauza chakula. Kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam Agosti 2015 na kuenea mikoani, na milipuko mingine kabla na baada, hatua ya haraka ya wakubwa ilikuwa kuwafukuza mama lishe barabarani. Naielewa, lakini nadhani inapiga pasipo penyewe. Mama lishe anaosha sahani 80 kwa ndoo mbili za maji kwa sababu hapo alipo hakuna bomba. Mpeni bomba moja kwa kila wauzaji kumi, mwone. Kwa sasa, badala ya beseni mbili aweke tatu: ya kwanza maji ya sabuni, ya pili ya kusuuza, ya tatu maji yenye jiki kijiko kimoja cha chai kwa lita mbili, sahani zilale humo dakika moja, kisha zipangwe kwenye chanja zikauke zenyewe. Tambara la kufutia lichomwe moto. Maji ya beseni ya pili yakianza kuwa na mafuta juu yabadilishwe, wala si kungoja yawe meusi. Na anayehara au kutapika asishike chakula mpaka zipite saa 48 tangu dalili zikome, kwa sababu mtu aliyepona norovirusi bado anaitoa kwenye kinyesi. Najua hana mshahara wa siku hizo. Vikundi vyao vya kuweka na kukopa vingeweza kutenga mfuko mdogo wa siku mbili za ugonjwa, ni rahisi kuliko kufungiwa mtaa mzima kwa mwezi.

Limebaki la vyoo, na hili namwachia mwenyekiti wa mtaa kuliko mama wa nyumbani. Sote tunajua kinachofanyika usiku wa mvua kubwa: shimo lililojaa linatobolewa ubavuni ili mafuriko yabebe. Kutapisha vyoo kunakatazwa na sheria, ila anayetapisha mara nyingi ni mpangaji ambaye mwenye nyumba amegoma kulipia gari. Kwa hiyo orodha ya mashimo yaliyojaa iandaliwe Januari na barua ziende kwa wenye nyumba, siyo wapangaji. Januari na Februari njia ni kavu, maji ya ardhini yako chini, na nyumba tano zikichangia gari moja la kunyonya zinapunguziana gharama. Ikifika Aprili, gari hilo halipiti kwenye matope ya vichochoro vyetu hata ukilipa mara mbili.

Bwana afya mstaafu,
Temeke, Dar es Salaam